Wenye Vihamba Kandokando ya Mito: Kwa Nini Mfongo Hulindwa na Ukingo Huachwa

Katika vyama vya msingi vya wakulima wa kahawa kwenye miteremko ya kusini ya Mlima Kilimanjaro, yako malalamiko yanayorudi mezani pa kamati karibu kila kiangazi. Wanachama wa chini husema kwamba mto umepungua kwa sababu wenzao wa juu wamelima hadi majini. Wale wa juu hujibu kwamba wao wanalima ardhi waliyoachiwa na baba zao, na kwamba mto haukuwaomba ruhusa ulipoanza kula kingo za vihamba vyao. Masika yakiingia mashtaka hugeuka. Uchache wa maji hautajwi tena. Linalotajwa ni tope lililoziba mifongo, na migomba iliyochukuliwa na maji pamoja na udongo wake.

Katibu wa chama hubaki katikati. Mkononi ana barua inayokumbusha sheria ya mita 60. Mbele yake amesimama mwanachama ambaye kihamba chake, tangu barabarani hadi mtoni, hakizidi mita 80. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi wenye ardhi ya kandokando ya mito wanavyoutazama uhifadhi wa mito hiyo, sababu za mtazamo wao, na sehemu ambayo chama cha ushirika kinaweza kutimiza pasipo kuingilia kazi ya serikali ya kijiji wala ya Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani.

MTO HUTOKA WAPI, NA UKINGO UNA KAZI GANI

Yafaa kuanza na jambo ambalo wengi hulikosea. Maji ya Weruweru, Kikafu, Karanga, Rau na mito mingine ya mlima huu, kwa sehemu kubwa, hayatoki katika barafu ya kileleni. Hutoka katika msitu, ambako sehemu zenye mvua nyingi za mteremko wa kusini hupata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Mvua hiyo huzama ardhini, ikatoka polepole katika chemchemi, na ndiyo maana mto huendelea kutiririka miezi ambayo mawingu yamekwisha kuondoka.

Baina ya msitu na tambarare, mito hupita katika vihamba. Msitu una walinzi wake, na skimu za tambarare zina kamati zake. Lakini kipande hiki cha katikati kimo mikononi mwa familia moja moja, kila familia na hatua zake chache za ukingo. Maji yakishapita hapo huungana na Kikuletwa au Ruvu, yakaingia katika bwawa la Nyumba ya Mungu, lililokamilika mwishoni mwa miaka ya 1960, kisha yakafuata mto Pangani hadi mitambo ya umeme ya Hale na Pangani, na mwisho Bahari ya Hindi. Udongo unaomomonyoka katika kihamba kimoja huweza kuishia katika bwawa ambalo mwenye kihamba hajapata kuliona.

Ukingo wenye miti na majani hufanya kazi tatu. Kwanza, mizizi huushika udongo ili maji ya masika yasiukwangue kutoka chini. Pili, majani hupunguza mbio za maji ya mvua yanayotelemka kutoka shambani, hata yakaangusha tope lake kabla ya kufika mtoni. Tatu, kivuli na takataka za majani huutunza unyevu wa chemchemi ndogo zinazotoka ukingoni penyewe. Mtu akikwatua ukingo na kupanda mahindi hadi majini, hupata mavuno mazuri miaka miwili au mitatu, kwa kuwa udongo wa hapo una rutuba na unyevu. Baadaye mto huanza kuchimba kwa chini, na kipande huanguka chote kwa pamoja, mara nyingi usiku wa mvua kubwa. Aliyedhani ameongeza shamba huamka amelipunguza.

HESABU YA MITA 60

Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999 imeitaja ardhi iliyo ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto miongoni mwa ardhi zinazoweza kutangazwa kuwa ardhi hatarishi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira Na. 20 ya mwaka 2004, katika kifungu cha 57, ikakataza ndani ya mita hizo 60 shughuli za binadamu zilizo za kudumu, au ambazo kwa asili yake zaweza kudhuru hifadhi ya ukingo.

Nia ya sheria ni njema, na hakuna chama kinachoruhusiwa kuwafundisha wanachama wake kuivunja. Lakini katibu asiyejua hesabu yake hawezi kuelewa kwa nini mwanachama hukunja uso akiisikia. Chukulia mwanachama mwenye kihamba cha ekari moja, yaani mita za mraba 4,047, kinachopakana na mto kwa urefu wa mita 50. Mita 60 mara mita 50 ni mita za mraba 3,000. Hizo ni karibu robo tatu za kihamba chote. Katika robo inayobaki yamo nyumba, zizi la ng'ombe, na makaburi ya wazee. Kahawa yake yote, pamoja na migomba inayolisha watoto wake, iko ndani ya mita 60.

Mtu wa namna hiyo akiambiwa tu, "Usilime ndani ya mita 60," husikia kwamba kihamba kimechukuliwa. Hapo ndipo baadhi ya watu huona heri kuikata miti ya ukingoni mapema, kabla haijaja kuhesabiwa. Tangazo lililokusudiwa kuuhifadhi mto likawa limeharakisha kuuvua nguo.

Yapo mambo mawili ya kumweleza mwanachama kwa utulivu. La kwanza, kifungu hicho hakisemi kwamba mwenye ardhi anafukuzwa au kwamba haki yake imekufa. Kinahusu shughuli, na hasa shughuli za kudumu na zenye madhara. La pili, kupanda miti ya asili na kukata majani ya ng'ombe kwa mundu si sawa na kujenga, kuchimba mchanga au kulima kwa jembe. Pale ambapo mpaka wa kinachoruhusiwa hauko wazi, chama kiandike barua kwa ofisi ya bonde na kupata jibu la maandishi. Kumwacha kila mwanachama ajitafsirie sheria peke yake hakufai.

HOFU TATU ZA MWENYE UKINGO

Wanaolima hadi majini si watu wasiopenda mto. Aghalabu wao ndio wanaoujua kuliko wote: wanajua ulifika wapi mwaka wa mafuriko, na ni chemchemi ipi iliyokauka tangu utoto wao. Kinachowaongoza ni hofu tatu, na kila moja ina mantiki yake.

Hofu ya kwanza ni kupoteza ardhi. Kwa desturi, ardhi huthibitishwa kwa kutumiwa. Kipande kilichoachwa kikaota vichaka huonekana hakina mwenyewe, na leo kina jirani anayekitazama, kesho kina mtu mwenye karatasi. Mwenye kihamba hulima hadi ukingoni ili ionekane kwamba yupo.

Hofu ya pili ni kupoteza chakula na kipato. Ukingo ndio mahali penye majani mabichi wakati wa kiangazi, na ndipo yanapostawi magimbi na mboga. Kumwambia mtu auache bila kumwonyesha atakachovuna badala yake ni kumwomba alipie maji ya watu wa tambarare kwa tumbo la watoto wake.

Hofu ya tatu ni kuonekana mjinga peke yake. Mto una kingo mbili. Yule wa upande huu akipanda miti, na wa ng'ambo akaendelea kulima na kuchimba mchanga, wa kwanza huona jasho lake limekwenda bure. Kwa hiyo kila mmoja humngoja mwenzake aanze, na mto haungoji.

KWA NINI MFONGO HULINDWA

Hapa kuna jambo la kutafakari. Mtu yule yule anayelima hadi majini huwa mwaminifu kabisa kwa mfongo. Siku ya msaragambo ya kuzibua mfongo huja na jembe lake alfajiri. Hathubutu kuhamisha maji nje ya zamu yake, na akifanya hivyo anajua kwamba wenzake watamtoza faini au kumnyima zamu inayofuata. Mifongo ya Wachaga ilichimbwa na kutunzwa kwa utaratibu huo kwa vizazi vingi, kabla ya kuwapo mhandisi wala sheria ya maji iliyoandikwa.

Tofauti ya mfongo na ukingo haimo katika moyo wa mtu, imo katika utaratibu. Mfongo una wenyewe wanaojulikana kwa majina. Una zamu, una siku ya kazi, una adhabu, na faida yake huonekana wiki hiyo hiyo katika migomba. Ukingo hauna hata kimoja kati ya hivyo. Ni wa kila mtu katika hotuba, na wa mtu mmoja katika hasara. Basi kazi ya chama ni kuupa ukingo utaratibu ambao wanachama wake tayari wanaujua na kuuheshimu.

FUNDISHO LA NUSU MAILI

Mlima huu una fundisho lake wenyewe. Mwaka 1941 ulitengwa ukanda wa nusu maili kando ya mpaka wa chini wa msitu, ili wananchi wapate humo kuni, mbao na majani chini ya mamlaka ya wenyeji. Wananchi walikuwa na neno katika ukanda huo, na walikuwa na cha kupata. Katika miaka iliyofuata usimamizi ulibadilika mikono kutoka mamlaka moja hadi nyingine, na wananchi wakawa wageni mahali walipokuwa wasimamizi. Sehemu kubwa ya miti ya asili ya ukanda huo ikatoweka. Mtu hulinda kwa bidii kile ambacho kesho atakikuta bado ni chake.

Nchi jirani nayo ina la kuonyesha. Nchini Kenya, kanuni za maji za mwaka 2007 ziliuweka upana wa hifadhi ya ukingo kati ya mita 6 na mita 30 kwa kufuata upana wa mto wenyewe, hivyo kijito hakikutazamwa sawa na mto mkubwa. Mwaka 2015 ulianzishwa huko Mfuko wa Maji wa Tana Juu na Nairobi. Watumiaji wa maji wa mjini na mashirika mengine huchangia mfuko huo, nao wakulima wa milimani, ambao baadhi yao ni wakulima wa kahawa, husaidiwa kuweka makinga maji, majani ya kuzuia mmomonyoko, miche ya miti na visima vya kuhifadhia maji ya mvua. Hapa Tanzania, katika milima ya Uluguru, mpango kama huo ulijaribiwa katika miaka ya 2000: wakulima wa vyanzo vya mto Ruvu walilipwa kwa kuhifadhi ardhi, na waliochangia malipo walikuwamo watumiaji wakubwa wa maji wa Dar es Salaam. Mipango hiyo haikumaliza matatizo yote, lakini ilikubali neno moja la haki: anayelinda maji yanayonywewa na wengine asiachiwe gharama yote peke yake.

WANAOUTUMIA UKINGO

Kosa linalofanywa mara nyingi ni kumwita mkutanoni yule tu ambaye jina lake limo katika daftari la chama. Daftari huonyesha mwenye kahawa. Anayeshuka ukingoni kila siku kukata majani, kuchota maji na kupalilia magimbi mara nyingi ni mke wake, mama yake, au mjane wa ndugu yake aliyeachiwa kipande hicho kwa makubaliano ya ukoo. Mume anaweza kunyoosha mkono kukubali ukingo uachwe, na mke akarudi kesho yake kulima palepale kwa sababu hakuna aliyemwuliza ng'ombe atakula nini. Uamuzi wa ukingo usiowahusisha wanawake ni uamuzi uliofanywa na watu wasioutumia ukingo.

CHAMA KIANZE NA MLANGO WAKE

Kabla chama hakijamwendea mwanachama, kijikague chenyewe. Katika maeneo mengi mtambo wa kumenya kahawa mbivu umejengwa karibu na mto, kwa kuwa kazi hiyo huhitaji maji mengi. Kilo tano au sita za kahawa mbivu hutoa kilo moja tu ya kahawa safi; sehemu kubwa ya kinachobaki ni maganda na utelezi wenye sukari. Utelezi huo ukiingia mtoni huanza kuoza, na kuoza kwake huimaliza hewa iliyomo majini ambayo samaki na wadudu huitegemea. Maji hubadilika rangi na kunuka, na watu wa chini hawawezi kuyatumia. Hali kadhalika mwanachama anayemenya kahawa kwa mashine ya mkono nyumbani na kumwaga maji yake katika mfongo hufanya kosa hilo hilo kwa kipimo kidogo.

Dawa yake inajulikana. Maji ya kumenyea yaweza kurudishwa na kutumiwa tena kabla ya kutupwa. Maji machafu yaongozwe katika mashimo au mabwawa ya kutuama yaliyo mbali na mto. Maganda yaozeshwe yawe mboji na kurudishwa kwenye migomba. Chama kinachomwaga utelezi mtoni hakina mdomo wa kumwambia mwanachama apande miti ukingoni. Wahenga walisema, nyani haoni kundule, wanachama huliona.

YANAYOWEZA KUPANGWA NA MKUTANO MKUU

Chama chenye vihamba kandokando ya mto chaweza kuliweka jambo hili katika ajenda ya mkutano mkuu wa mwaka na kuliendesha kwa hatua zifuatazo.

Kwanza, katibu afungue daftari la kingo. Humo aandike kila mwanachama anayepakana na mto, urefu wa ukingo wake kwa mita, hali ya ukingo siku hiyo, na jina la anayeutumia kwa kweli. Mali bila daftari hupotea bila habari, na ukingo ni mali.

Pili, kamati itembee mto mzima wa eneo la chama pamoja na wenye vihamba wa pande zote mbili kwa siku moja. Jambo hili laonekana dogo, lakini ndilo linaloponya hofu ya tatu. Mtu akimwona wa ng'ambo amekubali mbele ya mashahidi, hana tena sababu ya kungoja.

Tatu, mstari wa hifadhi uwekwe kwa masale. Kila mtu mlimani anajua sale ni alama ya mpaka, na anajua pia kwamba ndilo jani linalopelekwa kuomba msamaha na amani. Mstari wa masale ndani ya kihamba useme mambo mawili: kwamba jembe linaishia hapa, na kwamba ardhi iliyo chini yake bado ni ya mwenyewe. Makubaliano hayo yaandikwe katika kumbukumbu za mkutano, na nakala zipelekwe ofisi ya kijiji na ofisi ya bonde, ili hofu ya kwanza ipate jibu lenye mhuri.

Nne, kazi ianzie karibu na maji na kupanda juu kwa awamu. Kuanza na hatua chache za kwanza hakufuti mita 60 za sheria. Ni njia ya kuzifikia bila kumtoa mtu katika kihamba chake. Karibu na maji ipandwe miti inayopenda unyevu, kama mkuyu na msesewe. Juu yake mringaringa na mruka, ambayo huvumiliana na kahawa. Na baina yake majani ya Guatemala au ya tembo, ya kukatwa na kupelekwa zizini. Mifugo isishushwe kulisha ukingoni, kwa maana kwato huharibu kile ambacho mizizi imeshika. Mikaratusi isipandwe karibu na chemchemi, kwani hunywa maji mengi.

Tano, chama kiwe na kitalu chake cha miche, na gharama yake ijadiliwe waziwazi katika makisio ya mwaka. Wanachama ambao hawapakani na mto nao wachangie siku za msaragambo, kwa kuwa mfongo wao hupata maji ya mto uo huo.

Sita, chama kishirikiane na jumuiya ya watumia maji ya eneo lake. Jumuiya hizo zinatambuliwa na Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji Na. 11 ya mwaka 2009, na ndizo zenye nafasi ya kuzungumza na watumiaji wa chini kuhusu kuchangia gharama. Chama kimoja cha msingi hakiwezi kwenda peke yake kwa mwenye skimu ya tambarare. Jumuiya yenye daftari la kingo zilizopandwa inaweza.

Saba, masika ya kwanza yakipita, kamati itembee tena mto ule ule na daftari mkononi. Iandike ni kingo zipi zimesimama, zipi zimeanguka, na miche mingapi imeshika. Taarifa hiyo isomwe mbele ya wanachama kama inavyosomwa taarifa ya mapato na matumizi, bila kuficha na bila kumwaibisha mtu. Mwanachama ambaye ukingo wake umesimama atajwe kwa jina. Yule ambaye umeanguka aulizwe alikosa nini: miche, mikono ya kumsaidia, au majani ya ng'ombe wake. Jibu lake liandikwe, na liwe la kwanza katika ajenda ya msimu unaofuata.